Memento Mori: Depeche Mode baada ya Fletch

Nisizunguke. Memento Mori ndiyo albamu bora ya Depeche Mode tangu Ultra ya mwaka 1997, na zipo jioni, upepo wa Dodoma ukishatulia na nimeisikiliza yote bila kukatizwa, ambapo naiweka juu ya Ultra vilevile. Ilitoka tarehe 24 Machi 2023. Ni albamu yao ya 15, na mpaka ninapoandika haya ndiyo ya karibuni kwa nyimbo mpya za studio. Nimechelewa kuiandikia kwa makusudi. Albamu ikiwa na wiki moja husifiwa kwa ugeni wake tu. Hii nimeizoea, najua kila inapopinda, na bado inanishika.

Nina jambo moja la kusema kuhusu albamu hii: imekuwa nzuri kwa sababu ya mtu ambaye hayumo. Na mtu huyo ndiye ambaye kwa miaka 40 watu walikuwa wakiuliza, hivi huyu kazi yake ni nini hasa?

Kwa ambao jina hili ni geni, maana najua wengi wenu mmekulia kwenye kwaya na Bongo Fleva na sasa mko kwenye singeli: Depeche Mode ni kundi la Uingereza, lilianza mwaka 1980 katika mji wa Basildon, Essex. Walikuwa vijana wanne. Vince Clarke, Martin Gore, Andy Fletcher ambaye kila mtu alimwita Fletch, na mwimbaji Dave Gahan. Wakati wenzao wanashika magitaa, wao walishika vinanda vya umeme. Clarke ndiye aliyetunga karibu nyimbo zote za albamu ya kwanza, Speak & Spell ya 1981, na kabla mwaka haujaisha akaondoka. Makundi mengi yangefia hapo. Gore akachukua kalamu na hajaitua mpaka leo. Mwaka 1982 akaingia Alan Wilder, fundi wa muziki kwelikweli, akakaa nao mpaka 1995.

Kilichonivuta kwao ni namna walivyokuwa wakiitafuta sauti. Kwa albamu ya Construction Time Again ya mwaka 1983 walitoka na kinasa sauti wakaenda kwenye maeneo ya ujenzi kugonga mabomba na vyuma, kisha wakarudi studio kuigeuza milio ile kuwa midundo. Mimi naishi kwenye jiji ambalo tangu Serikali ihamie huku halijaacha kujengwa. Nikipita Ihumwa au Mtumba nikasikia nondo zinashushwa kutoka kwenye lori, chuma juu ya chuma, sikio langu linaanza kuhesabu. Hilo nimefundishwa nao.

Kanda yao ya kwanza niliyomiliki nililetewa na shemeji yangu aliyekuwa akifanya kazi reli. Ilikuwa Violator, ya mwaka 1990, imerekodiwa juu ya kanda kuukuu, na kati ya wimbo na wimbo ulikuwa unasikia kwa mbali kwaya ya watu wengine kabisa ikimalizia ubeti wake. Mpaka leo Enjoy the Silence ikiisha, hata kama naisikiliza kwenye simu, nasubiri wale waimbaji waje.

Huo wimbo wa Enjoy the Silence unaeleza vizuri jinsi walivyogawana kazi. Gore aliuleta ukiwa wa polepole, sauti yake na kinanda cha mvukuto, basi. Wilder na mtayarishaji Flood wakaona ndani yake mna mbio, wakaupa mdundo na kasi. Gahan akauimba. Ukauzika dunia nzima. Gore anatunga, Wilder anajenga, Gahan anasimama mbele. Na Fletch? Fletch alikuwa nyuma ya kinanda anabonyeza alichopangiwa kubonyeza na kupiga makofi. Yeye mwenyewe alilisema hilo mbele ya kamera, kwenye filamu ya ziara yao iliyoishia uwanja wa Rose Bowl, Pasadena, tarehe 18 Juni 1988 mbele ya watu zaidi ya 60,000. Alitaja kazi ya kila mmoja, na alipojifikia mwenyewe akasema yeye anazurura tu. Watu walicheka, na maneno yale yakamng'ang'ania mpaka mwisho.

Aliyekulia kwenye kwaya hapa Dodoma anamjua Fletch. Kwenye kwaya yetu alikuwepo mzee mmoja wa sauti ya nne ambaye hata angekosa mazoezi mwezi mzima, mlio usingepungua. Lakini yeye ndiye aliyeshika daftari la michango, ndiye aliyejua nani amefiwa na nani hana nauli ya kwenda Mvumi kwenye mashindano. Mwalimu na mwimbishaji wakinuniana, jioni utamwona anapita na baiskeli, kwanza kwa mmoja, halafu kwa mwingine. Hakuna aliyejua anawaambia nini. Kazi yake ilipomhamishia Singida, kwaya ile haikumaliza mwaka.

Fletch ndivyo alivyokuwa. Alishughulikia mambo ya biashara katika miaka ambayo kundi halikuwa na meneja. Alikuwa rafiki wa Gore tangu utoto wao Basildon, na kwa miongo mingi alisimama kati ya watu wawili, Gore na Gahan, ambao hawakuwa na mazoea ya kukaa wenyewe kwa wenyewe wakaongea. Tarehe 26 Mei 2022 alifariki ghafla, ana umri wa miaka 60, baada ya mshipa mkuu wa damu kuchanika. Nyimbo zilikuwa tayari zimeandikwa kwa sehemu kubwa, nyingi wakati wa korona. Jina la albamu, Kilatini cha kumkumbusha mtu kwamba atakufa, lilikwishachaguliwa. Kwa hiyo hii si albamu iliyotungwa kwa ajili ya msiba. Msiba uliikuta njiani.

Nimewasikia mashabiki wakisema wangengoja. Kwetu mtu akifiwa anakaa, wengine ndio wanaoimba. Kwaya inakuja na sare zake, inasimama karibu na turubai, nawe mfiwa kazi yako ni kusikiliza. Hawa wawili waliingia studio nyumbani kwa Gore, Santa Barbara, majira yaleyale ya joto ya 2022, wakajiimbia wenyewe. Nilipolifikiria hilo nilielewa kwa nini albamu inasikika vile. Hakuna aliyekuja kuwaimbia, na yule ambaye angepita kwa mmoja halafu kwa mwingine hayupo tena.

Ushahidi wangu ni huu. Mtayarishaji wa Memento Mori ni James Ford, yuleyule aliyetayarisha Spirit ya mwaka 2017, safari hii akiwa na Marta Salogni, Mwitaliano mwenye sikio la ajabu. Mtayarishaji ni yule, waimbaji ni walewale, vinanda vinatoka kwenye rafu zilezile. Sasa zisikilize hizo albamu mbili moja baada ya nyingine. Spirit ni albamu ya hasira. Inaihutubia dunia, inauliza mapinduzi yako wapi, inanyoosha kidole, na kila nafasi imejazwa. Naiheshimu ila huwa siirudii. Memento Mori ina hewa. Kinanda kinapiga noti moja na kuiacha ifikie ukuta na kurudi. Sauti ya Gahan inaingia, Gore anaitikia kwa juu, na kati yao mna uwazi ambao zamani ungezibwa. Ford amekuwa mwerevu kuuacha ule uwazi ulivyo.

Inaanza na My Cosmos Is Mine, na hakuna mfanyabiashara ambaye angeuweka wimbo huu mwanzoni. Mdundo wake ni mzito, unakokota miguu, umekwaruzwa mpaka huwezi kujua kama ni ngoma au mtambo unaotaka kuzimika. Gahan anaimba chini kabisa, kama mtu anayefunga geti usiku na kuomba asiguswe. Katikati wimbo unageuka kuwa orodha ya vitu visivyotakiwa: vita, maumivu, vifo visivyo na maana, pumzi ya mwisho. Gore aliutunga mwaka 2022 baada ya Urusi kuivamia Ukraine. Ukiusikia mara ya kwanza unaweza kuuruka. Usiuruke. Huo ndio mlango, na nyimbo 11 zinazofuata hazina maana ileile kama hukupita hapo.

Baada yake inakuja Wagging Tongue, yenye vinanda vinavyorukaruka kwa namna ya Wajerumani wa Kraftwerk, waliowafundisha kazi hawa wote. Nitaurudia wimbo huu. Kwa sasa niseme tu kwamba chini ya uchangamfu wake mna mto, na kuna mtu anaahidi kumkuta mwenzake kandokando yake au ng'ambo ya pili.

Kisha Ghosts Again. Hapa nataka kukaa.

Wimbo huu ulitangulia albamu, ulitoka Februari 2023, na ulipita redioni kama wimbo mwepesi. Mdundo unatembea, hauna haraka na hausimami. Kigitaa cha Gore kinapiga kimelodia kidogo ambacho mtoto angekiimba baada ya kukisikia mara mbili. Kiitikio ni kifupi mno, karibu kimeisha kabla hujajua kimeanza. Gore aliutunga pamoja na Richard Butler wa kundi la The Psychedelic Furs, na wawili hao wameshirikiana nyimbo nne humu. Kwa mtu aliyezoea kujifungia na kutunga peke yake, kumfungulia mlango mwandishi mwingine ni jambo kubwa, na nafikiri Butler ndiye aliyeleta ile wepesi. Maneno ya Gore akiwa peke yake yana uzito wa mahubiri. Hapa yamepunguzwa mafuta. Hisia zinapotea bure, muda unapita, mbingu inaota, na tutakuwa mizimu tena. Basi. Unalia huku mguu unapiga sakafu.

Video yake aliipiga Anton Corbijn, Mholanzi ambaye amekuwa macho ya kundi hili tangu miaka ya 1980. Ni nyeusi na nyeupe. Gahan na Gore wamekaa juu ya ghorofa New York wanacheza sataranji. Wazo limetoka kwenye filamu ya Ingmar Bergman ya 1957, ambamo mpanda farasi anacheza sataranji na Mauti ili apate kuongeza muda kidogo.

Niliitazama na mpwa wangu anayesoma hapa Chuo Kikuu cha Dodoma, ambaye mwisho wa wiki huja kula kwetu. Nikamweleza ile habari ya mpanda farasi. Akaangalia mpaka mwisho, akarudisha nyuma, akaangalia tena.

"Mjomba, sasa hapo Mauti ni yupi?"

Nikamwambia tazama vizuri. Akasema, "Nimetazama. Mara huyu, mara huyu."

Sijasoma uchambuzi wowote uliolifikia jambo hili haraka kama yeye. Hakuna kati yao aliyevaa jukumu hilo moja kwa moja. Wanapeana zamu. Wamebaki wawili, na kila mmoja anajua kwamba ipo siku atakayesimama kwenye jukwaa ni mmoja. Zamani pangekuwa na wa tatu pembeni anaangalia bao lao na kuwakatiza kwa maneno. Kwenye paa lile pembeni hakuna mtu.

Nyimbo za katikati zinatofautiana, nami sitajidai zote ziko sawa. Don't Say You Love Me imepambwa kwa nyuzi na inaimbwa kwa madaha ya waimbaji wa kumbi za zamani. Ni nzuri, sina la kuongeza. My Favourite Stranger ina gitaa linalochana kama msumeno na inasimulia mtu anayekutana na nafsi yake nyingine. Soul with Me ndio wimbo anaoimba Gore mwenyewe, na wapenzi wa sauti yake ile nyororo, yenye kutetemeka kidogo mwishoni mwa mstari, watauweka wa kwanza. Ni mtu anayejiandaa kuondoka na hana hofu, amebeba roho yake tu. Mke wangu, ambaye kundi hili hulivumilia zaidi ya kulipenda, alitoka jikoni akauliza huo ni wimbo wa dini gani. Nadhani Gore angefurahi kuulizwa hivyo.

Caroline's Monkey unahitaji historia ili uume. Ni wimbo wa mtu aliyekamatwa na dawa za kulevya, na anayeimba ni Dave Gahan. Mwaka 1996, Los Angeles, moyo wa Gahan ulisimama kwa kama dakika mbili baada ya kuzidisha dozi. Akafufuliwa kwenye gari la wagonjwa. Ziara ya albamu yao ya 1993, Songs of Faith and Devotion, ilikuwa imewavunja wote. Fletch mwenyewe aliondoka ziarani mwaka 1994 kwa sababu afya yake ya akili ilishindwa kuhimili. Basi mtu aliyekufa akarudi anasimama miaka 27 baadaye anaimba kiitikio kinachodai kwamba kufifia ni bora kuliko kushindwa, na kuanguka ni bora kuliko kuhisi. Haigizi. Anaimba maneno ya mtu yule wa zamani bila kumcheka na bila kumtetea. Hapa Dodoma nimewaona vijana wa mtaani kwangu wakichukuliwa na vitu hivyohivyo, na nimesikia jinsi wanavyojieleza, kwa hoja zinazonyooka kabisa na zinazoelekea shimoni. Wimbo huu unazijua hoja hizo.

Wimbo dhaifu ni People Are Good. Mtu anajirudishia kwamba watu ni wema, ni wema, mpaka tunaelewa kwamba haamini. Wazo hilo lingetosha dakika moja na nusu. Kundi lilikwishaimba jambo la karibu na hilo mwaka 1984, likiwa changa, na safari ile lilikuwa na nyundo na vyuma vya kulisindikiza. Humu vinanda vinazunguka vizuri ila wimbo hauendi popote. Wangeutoa, albamu ingekaza zaidi. Before We Drown na Always You nazipenda zote mbili, hasa Always You, ambapo Gahan anaingia kwenye kiitikio kama mtu aliyepata ukuta wa kuegemea. Never Let Me Go ina gitaa la kutosha kuwaamsha walioanza kusinzia.

Hapa najua kuna watakaonikatiza. Nawasikia tangu ujana wangu: muziki wa mashine hauna roho, mtu anabonyeza kitufe anakwenda kulala. Maneno hayo yakitoka kwa mtu wa Dodoma yananishangaza mara mbili, kwa kuwa sisi tumezaliwa palipo na ilimba, ala ya muziki ya Wagogo.

Wengi wetu tunaiona kwenye sherehe za kitaifa na hatujawahi kuishika. Mzee mmoja wa Chamwino aliniruhusu kuishika ya kwake. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu," akaniwekea mapajani. Ni sanduku la mbao lenye vyuma vyembamba vilivyopangwa juu yake, unavibonyeza kwa vidole gumba. Chuma peke yake kina mlio safi, wa kupendeza. Lakini Mgogo aliyeibuni hakutosheka na usafi huo. Kwenye sanduku kumetobolewa tundu dogo, na tundu limezibwa kwa utando mwembamba wa buibui, mweupe kama karatasi ya sigara. Ukibonyeza chuma, utando unatikisika, na juu ya kila noti unapata mvumo. Nikauliza ukiung'oa inakuwaje. Babu akaufunika kwa kidole, akapiga, mlio ukatoka mkavu. "Hii sasa ni sanduku," akasema. Kisha akanionyesha vyuma vingine ambavyo hapigi kabisa. Vipo viitikie vyenyewe wenzao wanapopigwa.

Mvumo ule ndio Depeche Mode wanautafuta kwa waya na umeme. Besi ya My Cosmos Is Mine ingeweza kuwa safi, wana vyombo vya kuisafisha. Wameikwaruza kwa sababu mlio msafi haukubeba walichotaka kusema. Na vile vyuma visivyopigwa navisikia kwenye Before We Drown, ambapo nyuma ya kinanda kikuu kuna sauti nyembamba zinazoamka kila kinapopanda na kulala kila kinaposhuka. Anayesema hilo ni kubonyeza kitufe aende akaizibe ilimba kwa kidole asikie.

Marehemu Hukwe Zawose, mtoto wa mkoa huu aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, hakuwa na woga na mitambo. Mwaka 2002 alitoa albamu ya Assembly pamoja na Michael Brook, Mkanada wa magitaa na vifaa vya umeme, kupitia Real World, kampuni aliyoianzisha Peter Gabriel. Sauti ya Zawose inapaa juu ya sauti za umeme na wala haiombi nafasi. Vijana wa singeli kule Dar es Salaam nao wanafanya kazi na kompyuta za bei ya chini mambo ambayo Ulaya inayashangaa. Kwa hiyo sioni kwa nini mtu wa huku aone aibu kuupenda muziki huu, au aambiwe anapenda vitu vya Wazungu.

Niseme neno kuhusu sauti ya Gahan. Alikuwa na miaka 60 walipokuwa wakirekodi. Kwenye Violator sauti yake ilikuwa nene na laini, imepakwa mafuta. Sasa ina mchanga ndani. Akishuka noti za chini unasikia pumzi inatangulia, na Salogni na Ford wameiacha pumzi hiyo isikike, hawakuifuta. Kwenye Speak to Me, wimbo wa mwisho ambao Gahan ni mmoja wa watunzi wake, karibu yuko uchi. Kinanda kimoja kirefu, yeye, na ombi kwamba azungumzwe naye kwa lugha anayoielewa. Halafu taratibu sauti zinaanza kujaa nyuma yake, moja juu ya nyingine, mpaka zinamzidi. Ukiusikiliza kwa hedifoni, taa zimezimwa, dakika ile ya mwisho ina ukubwa ambao spika za simu haziwezi kuubeba. Tafadhali usiisikilize albamu hii kwenye spika ya simu. Utasikia gitaa na maneno, nusu iliyobaki itapotea.

Inachukua kama dakika 50. Ni muda wa kutoka mjini mpaka Mtumba na kurudi kama barabara haina msongamano, na nimewahi kuimaliza nikiwa kwenye daladala, nimebanwa dirishani, vumbi la Agosti limeufanya Mlima Simba uonekane kwa taabu. Inafaa pia hapo. Mwendo wake si wa kuchezea ila ni wa kusafiria.

Mpwa wangu anaona waishie hapa. Anasema wameaga vizuri, watu wachache wanapata nafasi ya kuaga vizuri, na ziara ya albamu hii, iliyopita nchi nyingi na kujaza viwanja, ilikuwa tamati tosha. Tumebishana sana juu ya hili na hajaniyumbisha. Hoja yangu iko kwenye Wagging Tongue, wimbo niliosema nitaurudia. Ukisoma watunzi wake utakuta majina mawili, Gahan na Gore. Katika zaidi ya miaka 40 hawa watu wameandika pamoja mara chache mno. Mpaka 2005 Gahan hakuwa na wimbo wake hata mmoja kwenye albamu za kundi. Ilimlazimu adai, ndipo akapewa nyimbo tatu kwenye albamu ya Playing the Angel. Tangu hapo utaratibu umekuwa Gore analeta zake, Gahan analeta zake na wenzake, na albamu inakuwa kapu la mavuno ya mashamba mawili.

Wagging Tongue umetoka kwenye shamba moja. Unasikika hivyo: melodia ina kilio cha Gore lakini inatembea kwa miguu ya Gahan, na kiitikio kinapofika huwezi kusema nani ameanza na nani ameitikia. Wameanza kufanya hivi wakiwa na miaka 60, baada ya mtu wa kupitisha ujumbe kati yao kuondoka. Ni mapema mno kuacha. Ninachotaka ni albamu ya nyimbo nane tu, si 12, kila moja ina majina hayo mawili, Ford na Salogni mezani tena, na Gore asije studio na nyimbo zilizokamilika kwenye kompyuta yake. Waje wote wawili mikono mitupu, wakae mpaka kitu kitokee.